Nyumba ya Alama Sitini na Moja

Kuku alikuwa wa kienyeji, ameungwa kwa karanga, na Leokadia alimaliza paja zima kabla Jicho halijamaliza kuhesabu vitu vya sebuleni.

Jicho lilikuwa kioo chembamba kilichokaa juu ya nyusi yake ya kulia, kimeshikwa na mkanda wa mpira uliozunguka kichwa. Lilitazama kila alichotazama. Akigeukia makochi, lilihesabu makochi. Akiinua glasi, lilisoma glasi. Yote liliyapeleka kwa Mizani, mashine ya Mfuko wa Kinga ya Watoto, ambayo hakuna mtu wa wilayani aliyewahi kuiona, na Mizani ikarudisha namba tu. Nyumba ikipata alama arobaini au chini ya hapo, watoto wake walitibiwa na Kinga. Ikivuka arobaini, wazazi walijitegemea.

"Ongeza wali, mdogo wangu," alisema Kwandu, mwenye nyumba, akimsogezea hotpoti. "Umekula kama unaogopa."

"Nimeshiba, dada. Kweli tena."

"Wa serikali huwa mnashiba mapema. Kunywa basi soda."

Kwandu alikuwa akipepeta chenga kwenye mashine za mpunga, mwisho wa mtaa, na ingawa alikuwa amenawa na kujipaka mafuta, vumbi la pumba lilikuwa bado limekaa kwenye mistari ya viganja vyake. Bintiye, Milembe, wa miaka minane, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi la kijani akiwa na gauni la sikukuu, magoti yamebanwa, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyekatazwa kugusa chochote. Chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, karibu na bega, kitone cha buluu kiliwaka taratibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa punje. Milembe alizaliwa na sikoseli. Mpaka alipofikisha miaka minne, maumivu ya mifupa yalikuwa yakimshika hadi nyumba ya tatu wanamsikia, na vidole vyake vilikuwa vikivimba kama ndizi. Kisha Kinga ikampandikizia kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Punje ilisoma damu yake saa zote, na ilipoona chembe zimeanza kujikunja ilitoa dawa kabla mtoto mwenyewe hajajua kuwa anaumwa. Zahanati iliijaza dawa kila mwezi, kwa kibali cha Kinga. Kibali kikiondoka, punje inalala.

"Unasoma darasa la ngapi, Milembe?"

"La tatu, dada."

"Unapenda nini shuleni?"

Milembe alimtazama mama yake, kisha akatazama zulia. "Kuruka kamba."

Jicho lilimnong'oneza Leokadia sikioni: sitini na moja. Alifurahi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, miezi minane tu kazini, na kila alipokuta nyumba iliyojikwamua alihisi kana kwamba nchi nzima imepiga hatua moja mbele. Aliweka kidole gumba kwenye kibao cha mfukoni, akasema kwa sauti ndogo yale maneno ambayo sheria ilitaka yasemwe na mtu mwenye damu, kwa kuwa mashine haiwezi kuapa: "Nathibitisha kwamba niliyoyaona ndiyo hali ya kaya hii." Kilikuwa kiapo chake cha mia mbili kumi na tisa.

Aliaga, akasindikizwa mpaka barabarani, akaondoka. Alifika kwenye mashine ya kwanza ya mpunga ndipo alipokumbuka kuwa ameacha mwavuli.

Aliporudi, kochi la kijani lilikuwa linatembea barabarani.

Lilikuwa na miguu ya wanaume wawili na wanawake wawili chini yake. Nyuma yake lilifuata zulia, limekunjwa, kichwani mwa mwalimu wa shule ya msingi. Mzee Budeba, fundi saa mstaafu, alikuwa amekumbatia televisheni yake iliyofungwa shuka, akilalamika.

"Taratibu na hiyo kona, Mama Kulwa. Mmelipeleka zima, msilirudishe kilema."

"Mzee, ukiona tunakosea njoo ushike upande wako."

"Mimi nimebeba kioo. Kioo hakichangiwi mikono."

Milembe alikuja mwisho, amevaa sasa kaptula na fulana iliyotoboka begani, ameshika sinia la glasi zilizochorwa tausi. Alipomwona Leokadia alisimama.

"Shikamoo tena, dada. Umesahau mwavuli."

"Marahaba. Milembe, hivi vitu ni vya nani?"

"Kochi la Bi Skolastika. Televisheni ya Babu Budeba. Glasi ni za mtaa, zinakaa kwa yeyote."

Leokadia alizitazama zile glasi. Tausi wa buluu na mkia wa dhahabu. Alikuwa amenywa kwenye glasi hiyo juma lililopita kwa fundi baiskeli. Alikuwa amenywa humo mwezi wa pili kwa mjane anayeuza mkaa, na kabla ya hapo kwa yule kijana mwenye watoto watatu wa pumu. Alikuwa amedhani ni glasi za mtindo.

"Na kuku?"

"Kuku alikuwa wetu." Milembe alifikiri kidogo. "Alikuwa anaitwa Sista."

Kwandu alitoka mlangoni na mwavuli mkononi, na alipokutana na macho ya mgeni wake aliona haya, kisha akainua kidevu. "Usitushangae. Barua ilisema mgeni wa serikali anakuja kuangalia mazingira ya mtoto. Nikasema wakikuta mkeka na ndoo watadhani namtesa. Watu wakasema, Kwandu, hatukuachi uaibike. Kwani kwenu mgeni mnampokeaje?"

Kwao, kule alikokulia, mama yake alikuwa akituma watoto nyumba tatu kukusanya vikombe kila padri alipopita. Leokadia alijua hilo kama anavyojua jina lake. Na bado alikuwa ameingia nyumba mia mbili kumi na tisa, akakaa kwenye makochi ya watu, akaapa.

"Mama," alisema Milembe. "Imebadilika rangi."

Kitone kilichokuwa cha buluu kilikuwa cha njano.

*

"Ulikula?" aliuliza Bwana Gwakisa, mkuu wa kituo cha Kinga, bila kuinua macho. Alikuwa akimwagilia mchicha wake, alioupanda kwenye makopo ya rangi dirishani.

"Nilikula, bosi."

"Basi ulipokea. Aliyepokea hawezi kusema hakukaribishwa."

"Sitanii, bosi. Njano ni siku saba. Siku ya nane punje inalala, na mtoto yule ana sikoseli."

Gwakisa aliweka kopo la maji chini. Alikuwa mtu mzito, mpole. Ndiye aliyekuja miaka kumi na miwili iliyopita na masanduku mawili ya punje wakati hakuna aliyeamini kwamba zitafika wilayani, na alikuwa amewapandikizia watoto mia nne wa mwanzo kwa mikono yake.

"Rufaa ipo. Inaitwa Tamko la Hali. Unarudi, nyumba ikiwa wazi kama ilivyo. Mama anasimama mbele ya Jicho, anataja vitu kumi asivyonavyo, kwa orodha. Kila mwanakaya aliyezidi miaka saba awepo, na anyamaze. Kunyamaza ni kukubali. Dakika tano tu, mtoto anarudi."

"Mtoto wake asikie mama yake akitaja wasivyonavyo?"

"Asikie, halafu aishi. Mimi ningechagua hivyo."

"Na wengine? Ni wangapi nimewatoa kwa sababu ya zile glasi?"

Gwakisa alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Usifungue mlango huo, Leo. Kuna watoto milioni tisa na dawa za milioni sita. Mtu lazima atoke."

"Basi tuwaambie hivyo. Tuseme dawa hazitoshi. Tusiseme wametoka kwa kuwa wana makochi."

"Ukisema dawa hazitoshi, kesho utaulizwa kwa nini hazitoshi."

"Ndiyo," alisema Leokadia. "Acha waulize."

Gwakisa alimtazama, na alionekana mzee kuliko alivyokuwa. "Nenda na Tamko," alisema.

*

Bila vitu vya watu, nyumba ya Kwandu ilikuwa chumba kimoja na ukumbi. Mkeka, ndoo mbili, sufuria, jiko, na chumbani kitanda. Ilikuwa siku ya tatu ya njano. Leokadia aliruhusu sauti ya Jicho isikike nje, kama kanuni ilivyotaka, na sauti ya mwanamke mpole ikajaa ukumbini.

"Karibu katika Tamko la Hali. Tafadhali simama wima. Rudia kila sentensi."

Kwandu alisimama. Alikuwa amevaa nguo zake za mashineni, kwa kuwa Leokadia ndiye aliyemwambia avae hizo, na aibu ya kumwambia ilikuwa bado ndani ya kinywa chake. Milembe alikaa kwenye mkeka.

"Sina meza ya kulia," ilisema sauti.

"Sina meza ya kulia."

"Sina jokofu."

"Sina jokofu."

"Sina akiba ya chakula ya siku tatu."

Kwandu alitupia jicho debe la chenga lililokuwa kona, robo yake imejaa. "Sina akiba ya siku tatu," alisema.

"Sina kitanda cha staha."

Kwandu alifungua kinywa.

"Tunacho," alisema Milembe.

"Nyamaza, mwanangu."

"Tunacho, mama. Baba alikichonga yeye. Cha mninga. Na maua pale kichwani." Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa anasahihisha, kama anavyomsahihisha mwenzake darasani. "Dada aingie akaone."

Sauti ikasema kwa upole uleule: "Tamko limepingwa na mwanakaya. Rufaa imefungwa. Asante kwa ushirikiano."

Kwandu alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Leokadia alimwangalia mtoto, na lazima kitu fulani kilikuwa usoni mwake, maana Kwandu alimkatiza.

"Usimtazame hivyo mwanangu. Amesema kweli. Mimi ndiye niliyetaka kukikana kitanda cha marehemu." Alimvuta Milembe, akamweka ubavuni. Sauti yake haikutetemeka. "Juzi niliazima vya watu nionekane ninavyo, mkanitoa. Leo nimeambiwa nikane vyangu nionekane sina, mkanifungia. Nikuulize, mdogo wangu. Ninyi mnataka kutuona lini, sisi wenyewe?"

Leokadia alikuwa amechoka kutafuta majibu ya namna ile anayofundishwa mtu kuyatoa. Alivua Jicho. Mkanda uliacha alama nyekundu kwenye paji la uso wake. Aliingia chumbani, akakitazama kitanda kwa macho yake mwenyewe. Kilikuwa cha mninga. Maua yalikuwa matatu, la katikati limechongwa vibaya kidogo, kana kwamba mchongaji alikuwa akizungumza na mtu.

Akiwa pale ndipo alipokikumbuka kifungu.

Chuoni kilipita kama upepo, nusu ukurasa, na mwalimu alisema hakijawahi kutumika. Kiapo cha mhakiki ni kimoja. Mhakiki akikiri kwamba aliapa kwa asichokijua, si nyumba moja inayofutwa. Vinafutwa viapo vyake vyote tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mtu aliyeapa ovyo mara moja haaminiki kwa zile nyingine. Kila kaya inarudi ilipokuwa kabla yake, mpaka itembelewe upya na mtu mwingine. Yeye anafukuzwa, na faili linakwenda polisi.

Nyumba mia mbili kumi na tisa. Wilaya nzima ilikuwa na wahakiki watatu. Kuzirudia zote kungewachukua miezi.

Alihesabu kichwani. Karibu zote alizitoa, au aliziacha zilivyokuwa. Watoto waliotolewa wangerudi, na wachache wenye nafasi wangerudi nao, shauri lao. Lakini kaya moja alikuwa ameiingiza yeye. Watoto wengine wapya waliandikishwa hospitalini walikozaliwa. Hawa walizaliwa nyumbani, kabla bodaboda haijafika, na yeye alikuja siku ya pili bila kutoa taarifa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuazima kitu, na Jicho lilikuta nyumba kama ilivyo. Alama kumi na nne. Mapacha. Kabla yake hawakuwa popote, na kiapo kikifutwa wangerudi huko huko.

*

Mama Kulwa alikuwa kibarazani anashona magunia, Kulwa mgongoni, Doto kwenye beseni lililotandikwa kanga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha sindano.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba niwavue wanangu, niwavike wa wenzangu."

"Ndiyo."

"Angalau hukunizungusha." Alikata uzi kwa meno. "Kwa muda gani?"

"Miezi miwili. Labda minne. Sijui, dada."

"Na wakishikwa na malaria ndani ya hiyo labda?"

"Nitakuwa nawe."

"Wewe ni dawa?"

Doto alipiga teke hewani, na kitone cha buluu kwenye paja lake dogo kikawaka, kikafifia, kikawaka. Kwa watoto wachanga punje huwekwa pajani, kuwakinga na malaria na homa nyingine.

"Hapana," alisema Leokadia. "Mimi si dawa. Ukikataa nitaondoka, na sitakulaumu, wala sitamwambia mtu kwamba nilikuja."

"Na Milembe?"

"Zimebaki siku nne."

Mama Kulwa alichoma sindano kwenye gunia, akaiacha humo. Alitazama barabara, upande wa kwa Kwandu.

"Kochi lile ulilolikalia, mguu wa kushoto nililibeba mimi. Wiki tano tangu nijifungue, watu wakinikataza. Nikasema niacheni, Kwandu alinishika mkono siku ile ya kujifungua." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nilibeba mwenyewe kitu cha kumtoa mwanawe. Tena nikajisifu kwamba bado nina nguvu."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua. Mbona wewe umekuja?"

Alimwinua Doto kutoka kwenye beseni, akamnusa kichwani kama wanavyofanya wazazi wanapotaka kuamua jambo. Leokadia alisubiri. Mashine za mpunga ziliunguruma, zikanyamaza, zikaunguruma tena.

"Usiniombe ruhusa kama mtu anayeomba chumvi," alisema Mama Kulwa. "Hili halirudishwi na kijiko. Kesho twende wote. Nikukabidhi wanangu halafu nibaki hapa nashona? Nataka nione kwa macho yangu."

*

Asubuhi iliyofuata Gwakisa alisoma karatasi mara mbili. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la ukumbini Mama Kulwa alikuwa amekaa, pacha mmoja kila upande wa kifua.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama, bosi."

"Kaa, nimesema. Sijawa polisi bado." Leokadia alikaa. Mkuu wa kituo aliinama mbele, akapunguza sauti. "Nisikilize. Jicho lako lilikuwa na vumbi. Mtaa ule una vumbi la pumba, kila mtu anajua. Nitaandika hitilafu ya kifaa. Nyumba moja inasomwa upya, hii hapa, ya Kwandu. Mtoto wake leo leo anarudi kwenye buluu. Wale mapacha wanabaki. Wewe unabaki, na ukibaki unaweza kuwa makini zaidi mwakani, unaweza kuwaonya watu kimya kimya wasitandike mazulia. Utawasaidia wangapi ukiwa ndani? Na utamsaidia nani ukiwa mahabusu?"

Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba aliihisi ikimshika kama mkono wa mtu anayekutakia mema. Milembe angerudi. Hicho ndicho alichokuwa amekitaka siku zote hizi, na sasa kilikuwa mezani, kinataka aseme neno moja tu, vumbi.

Alimfikiria mjane wa mkaa, ambaye hakukata rufaa, kwa kuwa hakuambiwa kwamba ipo. Alifikiria wale watatu wa pumu. Hakuwa na majina ya wote kichwani, na hilo ndilo lililomwuma zaidi, kwamba aliapa juu yao na majina hakuyashika.

"Jicho lilikuwa safi, bosi," alisema. "Nililifuta mwenyewe kabla sijaingia. Mimi ndiye niliyeona glasi ile ile nyumba nne na sikuuliza."

"Unajua kifungo chake ni miaka mingapi?"

"Miwili."

"Una mama."

"Ninaye. Nimempigia. Alilia, halafu akaniuliza hao watoto wanaitwa nani."

Gwakisa alijiegemeza nyuma. Labda alikuwa amekumbuka masanduku yake mawili, labda hapana. Alisogeza kibao cha kiapo kuelekea upande wa Leokadia, taratibu, akaondoa mkono wake juu yake.

Leokadia alivaa Jicho mara ya mwisho, akaweka kidole gumba.

"Mimi, Leokadia Sayi, mhakiki wa Mfuko wa Kinga ya Watoto, nakiri kwamba nilithibitisha hali za watu nisizozijua. Niliona vitu nikadhani nimeona watu. Nafuta kiapo changu."

"Tafadhali taja kaya inayohusika," ilisema sauti ya upole.

"Zote."

"Tafadhali taja kaya inayohusika."

"Zote," alisema tena, na sasa sauti yake ilifika ukumbini, na watu waliokuwa kwenye foleni ya dirisha wakageuka. "Mia mbili kumi na tisa. Tangu siku niliyoanza mpaka leo. Sijakosea, na sihitaji kufikiri tena."

Jicho lilihesabu kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha maji. "Viapo mia mbili kumi na tisa vimefutwa. Kaya zimerudishwa katika hali ya awali. Mhakiki amesimamishwa. Taarifa imetumwa kwa mamlaka husika." Kisha kioo kikazimika, kikawa kioo tu.

Gwakisa alikuwa amegeukia dirishani, kwenye makopo yake. "Acha kitambulisho mezani," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, bado amempa mgongo, "Wahakiki wamebaki wawili. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Sioni kama nitaweza kuanza kuzirudia nyumba hizo mwaka huu. Nitaandika hivyo makao makuu. Kwa kweli ndivyo ilivyo."

Simu ya Leokadia ililia akiwa bado hajafika mlangoni. Ilikuwa Kwandu, na nyuma yake kulikuwa na kelele za mtaa mzima.

"Imekuwa buluu," alisema Kwandu. "Leokadia, unanisikia? Buluu. Na ya mtoto wa fundi baiskeli, ile iliyokuwa imelala kabisa. Watu wametoka nje wanaonyeshana mikono. Subiri, huyu hapa anataka kusema."

"Shikamoo dada," alisema Milembe, akihema. "Nimeruka kamba mia moja na sita."

"Marahaba, Milembe."

"Mama anasema usile kwa watu huko, uje ule kwetu. Lakini kuku hatuna tena."

Leokadia alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akaifuta simu kwa kiganja, akatoka ukumbini. Hapo akasimama. Mama Kulwa alikuwa amewafunua miguu wanawe juu ya benchi, ameinama, anatazama. Kwa kiapo kilichofutwa hapakuwa na njano wala siku saba. Kitone cha Kulwa kilikuwa kimezimika. Cha Doto kiliwaka mara moja zaidi, kidogo sana, kisha ngozi ya paja lake ikawa ngozi ya mtoto yeyote.

Mama Kulwa hakulia. Alimfunika Kulwa, akamrudisha kifuani. Kisha akamwinua Doto kwa mikono miwili na kumnyooshea Leokadia.

"Mshike."

"Dada—"

"Mshike vizuri, shingo bado laini. Umesema utakuwa nami. Mimi nina mikono miwili na watoto wawili, na nina magunia ya kushona. Mpaka iwake tena, huyu tunambeba wawili, wewe na mimi."

Doto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na wa moto, na alinuka maziwa. Aliushika ukosi wa shati la Leokadia kwa ngumi yake, akaung'ang'ania.

Kwenye dirisha la huduma foleni ilikuwa ya watu kama ishirini, karibu wote wanawake, karibu wote na watoto. Leokadia hakuwa amewahi kuiona kutoka upande huu. Kutoka ndani ilikuwa orodha. Alipita mpaka mwisho wake, akasimama nyuma ya bibi mwenye mjukuu aliyelala begani, na Mama Kulwa akasimama nyuma yake. Walisimama saa mbili. Hakuna aliyewapisha mbele, na hawakuomba.

Alipofika dirishani, karani aliyekuwa akinywa naye chai ya saa nne kila siku alimtazama, akatazama kifua chake kisichokuwa na kitambulisho, akatazama mtoto.

"Leo," alisema kwa kunong'ona. "Unafanya nini upande huo? Wewe huna tena ruhusa ya—"

"Sijaja kufanya kazi," alisema Leokadia. Alimwinua Doto juu kidogo, ili karani amwone uso wote, na macho, na ile ngumi iliyoshika ukosi. "Andika. Nina mtoto hana kinga. Jina lake ni Doto, pacha wake anaitwa Kulwa, yuko hapa nyuma yangu na mama yake. Andika sasa hivi, na ukimaliza muite mkuu wako, maana hatuondoki mpaka tujue ni lini."